Siku kumi Uttarakhand: msikimbilie mahekalu yote manne

#1 Mpagazi_Mstaafu

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu unakaribia na maswali ya Char Dham, hija ya mahekalu manne ya Kihindu, yameanza tena, kwa hiyo nasema mapema: mwenye siku kumi asijaribu kuyamaliza mahekalu yote manne ya milima ya Garhwal, jimbo la Uttarakhand kaskazini mwa India, yaani Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Ramani inadanganya. Rishikesh hadi Badrinath ni kilomita 295 hivi tu, lakini karibu zote ni kona juu ya korongo la mto, na kipande kimoja cha barabara kikiporomoka siku yako imekwenda. Ukiyabana manne ndani ya siku kumi, kila usiku unalala mahali papya, unafika na giza, unaamka alfajiri kupanga foleni, unashuka mbio. Siku ya akiba huna hata moja.

Pendekezo langu: Kedarnath na Badrinath, na katikati yake Tungnath. Matatu hayo yako kwenye mzunguko mmoja. Rishikesh, Rudraprayag, Guptkashi, Kedarnath. Unarudi hadi Ukhimath, unapanda Chopta kwa ajili ya Tungnath, unashukia Chamoli, Joshimath, Badrinath, kisha unafuata mto Alaknanda hadi Rishikesh. Siku nane za mwendo, mbili za akiba.

Anayeona nimekosea aseme, na atoe sababu.

#2 Binti_Shangani

Kwenye siku nakubaliana nawe. Jina ndilo la kurekebisha. Char Dham za asili ni Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Hayo manne ya Garhwal huitwa Chota Char Dham, zile ndogo. Si neno dogo kwetu huku, maana Wahindu wengi wa Dar, Mombasa na Nairobi asili yao ni Gujarat, na Dwarka iko Gujarat. Mzee akikwambia amebakiza dham moja, muulize kwanza anahesabu zipi. Unaweza kumkatia tiketi ya mlimani kumbe anataka bahari.

#3 Mpagazi_Mstaafu

Sahihi kabisa dada, nimekosa. Badrinath peke yake ndiyo iko kwenye hesabu zote mbili.

#4 Kibo5895

Mkuu, Kedarnath ina mwinuko gani? Wengine huku tunajua milima kwa kipimo cha Kilimanjaro.

#5 Nyumbu_wa_Gaurikund

Hekalu liko mita 3,583. Horombo ni 3,720, kwa hiyo weka akilini "karibu Horombo". Tofauti iko hapa: njia ya Marangu inakupa siku mbili, unalala Mandara kwanza. Kedarnath watu wanaanzia Gaurikund, chini kidogo ya mita 2,000, na wanafika juu siku hiyo hiyo. Mita 1,600 za kupanda kwa siku moja, kisha wanalala huko huko. Ndiyo maana kila msimu wanateremshwa watu wenye afya zao, vijana, walioamini kwamba barabara ya mawe yenye vibanda vya chai haiwezi kuwa hatari.

Mpangilio wa njia ni huu. Magari binafsi yanaishia Sonprayag. Pale unaonyesha karatasi ya usajili, unapanda jipu za pamoja kilomita 5 hadi Gaurikund. Kutoka Gaurikund kwa miguu: Jungle Chatti, Bheembali, unavuka mto Mandakini karibu na ilipokuwa Rambara, Lincholi, kambi ya chini, hekalu. Kabla ya mafuriko ya 2013 ilikuwa kilomita 14 upande mmoja wa mto. Rambara ilifutika yote, njia ikahamishiwa ng'ambo, na sasa ni kilomita 16 hadi 18 kutegemea unahesabia wapi. Vitabu vya zamani bado vinasema 14. Msiviamini.

Muda: mtu wa kawaida saa 7 hadi 9 kupanda. Ondoka Gaurikund kabla ya saa 12 asubuhi. Anayeondoka saa 4 anafika gizani na mvua ya jioni mgongoni.

Kipande kigumu ni baada ya kuvuka mto kuelekea Lincholi. Zigizaga, mwinuko mkali, na hapo hapo ndipo hewa inaanza kuwa nyepesi. Watu wanamaliza nguvu zao Bheembali kwa kwenda mbio, halafu hapo wanakaa chini.

#6 Kibo5895

Asante mkuu. Kwa hiyo ni pole pole kama kwetu.

#7 Nyumbu_wa_Gaurikund

Pole pole, na lala usiku mmoja Guptkashi au Sonprayag kabla ya kupanda. Hata hivyo Guptkashi iko mita 1,300 hivi, haikuzoeshi sana, inakupumzisha tu na safari ya gari.

La nyumbu: njia ni yao kama ilivyo yako. Ukisikia kengele, simama upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo. Mzigo wa nyumbu umetokeza pembeni, akikusugua nao unakwenda chini. Hili ndilo kosa la kwanza la mgeni, anasogea pembeni kwa adabu, na pembeni yenyewe ni ya korongo.

Asiyeweza kutembea ana njia tatu: nyumbu, kandi (kikapu mgongoni mwa mtu mmoja), au dandi (machela ya watu wanne). Lipia kwenye kaunta ya malipo ya awali pale Gaurikund, chukua karatasi yenye namba. Ukipatana na mtu njiani bei hubadilika mkifika katikati.

#8 Dr_wa_Zamu

Naongeza la afya. Kwenye mita 3,500 mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 65 ya ule wa pwani. Mtu wa Dar au Mombasa hajawahi kuvuta hewa hiyo. Kichwa kuuma kidogo na usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida. Kutapika, kuyumba kama mlevi, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu: shuka, usisubiri asubuhi. Kushuka mita 500 kunaponya kuliko kopo la oksijeni linalouzwa vibandani. Yale makopo ni ya dakika chache tu.

Acetazolamide husaidia, dozi ya kinga kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakojoza sana, na wenye mzio wa dawa za salfa waongee na daktari kwanza. Dawa haimpi mtu ruhusa ya kukimbia.

Helikopta zina hatari yake pia. Unatoka Phata, Sersi au Guptkashi na kushushwa mita 3,500 ndani ya dakika chache, mwili haujajua kilichotokea. Waliopanda kwa miguu wanaugua njiani, hapo wanaweza kugeuza. Waliopanda kwa helikopta wanaugulia juu, na kama wingu limeshuka helikopta hairudi.

#9 Dengu_na_Samli

Umenena daktari. Kwenye helikopta pia mnapimwa uzito, mtu na begi, na begi linalokubaliwa ni dogo sana. Makoti mazito vaeni, msiyafungashe. Tiketi zinauzwa kwenye tovuti rasmi ya reli ya India inayoitwa heliyatra, na zinaisha upesi mno. Tovuti bandia ni nyingi kupita kiasi. Anayekutumia namba ya WhatsApp na kutaka malipo ya awali kwa mtu binafsi, huyo ni mwizi.

Usajili wa hija ni lazima, hata kwa anayetembea. Unafanywa mtandaoni kwa pasipoti, au kwenye vibanda vya Haridwar na Rishikesh, lakini msimu ukijaa vibanda huwa na foleni ya siku nzima. Chapisheni karatasi yenye msimbo wa QR. Simu ikizima kwa baridi, karatasi haizimi.

#10 Mzee_wa_Ngamiani

Vijana, mmeongea miguu na mapafu. Sasa hekalu lenyewe. Ukifika Kedarnath unaona nini?

#11 Binti_Shangani

Shikamoo mzee. Ndani hakuna sanamu ya mtu. Kuna jiwe lisilochongwa, lenye umbo la pembetatu kama nundu ya ng'ombe. Kisa chake: baada ya vita vya Kurukshetra, ndugu watano wa Pandava walimtafuta mungu Shiva awasamehe damu ya jamaa zao. Shiva hakutaka kuonana nao, akajigeuza fahali. Bhima, mmoja wa ndugu hao, akamtambua, akamrukia, fahali akazama ardhini na viungo vyake vikaibukia mahali tofauti. Nundu Kedarnath, mikono Tungnath, kitovu Madhyamaheshwar, uso Rudranath, nywele Kalpeshwar. Hayo matano ndiyo Panch Kedar.

La vitendo: asubuhi hadi mchana watu huingia chumba cha ndani, huligusa jiwe na kulipaka samli kwa mikono. Jioni jiwe linavishwa na kupambwa, unatazama kwa mbali tu. Anayetaka kugusa awahi asubuhi. Siku za msongamano mkubwa hata asubuhi wanafunga chumba cha ndani. Kwa hiyo kulala juu usiku mmoja kuna maana, na kupanda na kushuka siku moja ni kuikosa ibada yenyewe.

#12 JadiYaKutch

Dada, hapo kwenye uso pana mjadala. Wengi wanasema kichwa cha fahali kiliibukia palipo hekalu la Pashupatinath, Kathmandu, na ndiyo maana hija ya Kedarnath kwao haijakamilika bila Nepal. Watu wa Rudranath nao wanasema uso uko kwao, na uso wenyewe wanakuonyesha kwenye jiwe. Nimesikia wanaopatanisha: uso Rudranath, kichwa Nepal. Sijaona aliyeeleza uso unatenganaje na kichwa.

#13 Binti_Shangani

Nakubali kwamba simulizi ni zaidi ya moja. Nilitoa ile ya Garhwal kwa sababu ndiyo utakayoisikia njiani.

#14 Kaskazini_Yetu

Mimi swali langu ni la 2013. Mji ulifagiliwa, watu zaidi ya 5,000 walikufa au kupotea katika jimbo lote, hekalu likabaki limesimama. Kwa nini?

#15 Nyumbu_wa_Gaurikund

Jabali. Mvua kubwa ilianza tarehe 15 Juni, jioni ya tarehe 16 likaja furiko la kwanza, na asubuhi ya tarehe 17 ziwa la Chorabari, lililozuiwa na kifusi cha barafu juu ya mji, likapasuka. Pamoja na maji likaja jabali kubwa, likakwama nyuma tu ya hekalu. Maji yakagawanyika kushoto na kulia. Wanaliita Bhim Shila, liko pale pale hadi leo, na watu wanaliabudu nalo.

#16 Fundi_Mawe

Jabali limesaidia, silikatai, ila halielezi yote. Tope na maji viliingia hadi ndani. Jengo lingekuwa la matofali na saruji lingekwenda kwa msukumo huo tu. Kedarnath ni mabamba mazito ya mawe ya kijivu yaliyofungamanishwa, na vyuma vya kushikiza, juu ya jukwaa lililoinuka. Ukuta wa namna hiyo haupasuki kama saruji. Unatikisika kidogo na kutulia tena. Hoteli zilizokuwa pembeni zilikuwa nguzo nyembamba juu ya kokoto za mto.

#17 Kaskazini_Yetu

Na lile la kuzikwa na barafu?

#18 Fundi_Mawe

Wanajiolojia wa Taasisi ya Wadia iliyoko Dehradun wamewahi kusema hekalu lilifunikwa na barafu kwa miaka kama 400, kati ya karne ya 14 na ya 17, wakati dunia ilipopoa. Wanatumia umri wa kuvumwani kwenye mawe na mikwaruzo ukutani. Kama ni kweli, jengo lilishabeba uzito kuliko wa 2013.

#19 JadiYaKutch

Kama lilizikwa karne nne, ibada iliendeleaje bila kukatika kama makuhani wanavyosimulia? Mmoja kati ya hawa wawili lazima arekebishe hesabu zake.

#20 Mpagazi_Mstaafu

Mnasahau mahali. Mji uko kati ya vijito viwili, Mandakini magharibi na Saraswati mashariki, na hekalu limekaa katikati, palipoinuka kidogo. Waliolijenga walichagua kiwanja. Waliojenga nyumba za wageni miaka ya karibuni walijaza njia ya zamani ya maji, na maji yalirudi kwenye njia yake. Baada ya maafa umejengwa ukuta wa ngazi tatu nyuma ya hekalu. Binafsi naona kiwanja kilifanya kazi kubwa kuliko jabali.

#21 Mzee_wa_Ngamiani

Na Dhari Devi mbona hamumtaji? Ukipita kati ya Srinagar ya Garhwal (si ile ya Kashmir) na Rudraprayag, utaliona hekalu limesimama juu ya nguzo katikati ya Alaknanda. Sanamu ya mama yule, mlinzi wa Garhwal, iliondolewa mahali pake jioni ya tarehe 16 Juni 2013 kupisha bwawa la umeme. Saa hizo hizo mlima ukafunguka. Watu wa bonde lile hawahitaji jiolojia.

#22 Fundi_Mawe

Mzee, kwa heshima: mvua ilikuwa imeanza tangu tarehe 15.

#23 Mzee_wa_Ngamiani

Na maandalizi ya kumhamisha je, yalianza lini?

#24 Dengu_na_Samli

Wakati mnaendelea kuvutana, naomba nizungumzie Tungnath, maana wengi wanaipita kwa gari wakielekea Badrinath bila kujua. Kutoka Ukhimath hadi Chopta kilomita 30 hivi. Chopta iko mita 2,680, hekalu karibu 3,680, njia ya mawe yaliyotandazwa, kilomita 3.5 hadi 4. Saa 2 hadi 3 kupanda. Kati ya mahekalu ya Shiva, hili ndilo linalotajwa kuwa la juu kuliko yote. Ukiwa na pumzi ongeza kilomita 1.5 hadi kilele cha Chandrashila, karibu mita 4,000. Fika huko kabla ya saa 3 asubuhi, baada ya hapo mawingu yanafunga Nanda Devi na Chaukhamba na huoni kitu.

Foleni ni ndogo sana ukilinganisha na Kedarnath. Makuhani wake ni wenyeji wa kijiji cha Makku. Kedarnath kuhani mkuu, Rawal, hutoka kwa Walingayat (dhehebu la wafuasi wa Shiva) wa Karnataka. Badrinath Rawal ni Mnambudiri (Brahmini) wa Kerala. Watu wa joto la kusini ndio wanaoongoza ibada kwenye theluji.

#25 Fundi_Mawe

Angalieni Tungnath ukutani mkifika. Idara ya mambo ya kale ya India ilipima ikakuta jengo kuu limeinama nyuzi 5 hadi 6, na vijihekalu vya pembeni hadi nyuzi 10. Wengine wanasema ardhi inadidimia, wengine matetemeko, kama lile la Chamoli la Machi 1999, wengine maji ya mvua yanayopenya chini ya msingi kwa sababu mawe ya sakafu yameachana. Hakuna haja ya kuliogopa, ila msiegemee kuta wala kupanda juu ya vijihekalu kupiga picha.

#26 Kibo5895

Kuhusu picha, simu zinaruhusiwa?

#27 Dengu_na_Samli

Ndani ya hekalu hapana. Mwaka 2024 serikali ya jimbo ilipiga marufuku kurekodi video ndani ya mita 50 za mahekalu manne. Viatu na mikanda ya ngozi viache nje, na soksi nene za sufu ziwe mbili, maana jiwe la sakafu ni barafu tupu. Nyama, mayai na pombe hutavipata kwenye miji ya hija, na usivibebe.

Kwa wasio Wahindu, utaratibu wa kuingia ndani haufanani kila hekalu na hubadilika. Ulizeni kamati ya mahekalu ya Badrinath na Kedarnath kabla ya kusafiri. Pashupatinath ya Nepal iko wazi kabisa: asiye Mhindu haingii hekalu kuu, anatazama kutoka ukingo wa mashariki wa mto Bagmati.

#28 Mla_Kachori

Badrinath nayo mmeiacha. Gari linafika hadi pale, mita 3,100 na ushei, kwa hiyo ndiyo ya kumpeleka mzazi. Uso wa hekalu una rangi kali za nyekundu, buluu na njano, nyuma yake mlima Neelkanth, mita 6,596. Tetemeko la 1803 liliharibu, likajengwa upya kwa msaada wa mfalme wa Jaipur, ndiyo maana mlango unafanana na kasri la Rajasthan.

Kabla ya kuingia watu huoga Tapt Kund, chemchemi ya moto ya nyuzi 45 hivi. Msijitumbukize ghafla. Kaa ukingoni, jimwagie kwa kopo kuanzia miguuni, dakika chache zinatosha. Mtu mwenye presha akitoka humo kuingia kwenye upepo wa Badrinath anaanguka. Tunu ya kuondoka nayo ni majani ya tulsi (jamii ya mrehani) na dengu mbichi zilizokobolewa. Wenye kufanyia marehemu wao ibada huenda Brahma Kapal, ukingoni mwa mto, hatua chache kutoka hekaluni.

#29 Kaskazini_Yetu

Nimesikia Badrinath hawapulizi shankha, lile gamba la kome linalopulizwa kama baragumu. Hekalu la mungu Vishnu, na shankha imo mkononi mwake! Imekuwaje?

#30 Mla_Kachori

Lakshmi, mke wa Vishnu, yuko kwenye tafakuri pale, hataki kusumbuliwa.

#31 JadiYaKutch

Niliyoisikia mimi ni nyingine. Mashetani wawili walikuwa wanawala watu bondeni. Mtakatifu Agastya akamwomba mungu mke awaangamize. Mmoja akakimbilia Mandakini, mwenzake, Vatapi, akajificha ndani ya shankha hapo Badrinath. Ukiipuliza, unamtoa.

#32 Nyumbu_wa_Gaurikund

Wapo wanaosema ni theluji. Sauti nzito kwenye bonde jembamba, miteremko imejaa, watu wa zamani waliogopa poromoko.

#33 Fundi_Mawe

Hilo la sauti linanishinda. Kengele za hekalu zinapigwa, na sasa kuna helikopta. Theluji ya kuporomoka inahitaji uzito juu yake kuliko mlio.

#34 Mla_Kachori

Basi turudi kwa Lakshmi, mkuu.

#35 Binti_Shangani

Jambo zuri zaidi la Badrinath ni blanketi. Siku ya kufunga, Novemba, sanamu hufunikwa blanketi la sufu lililofumwa na wanawake wa kijiji cha Mana, kilomita 3 juu ya hekalu, likiwa limelowekwa samli. Mlango unafungwa miezi sita. Ukifunguliwa, kitu cha kwanza kutazamwa ni ile samli: ikiwa bado mbichi, mwaka utakuwa mwema, ikiwa imekauka, watu wanaanza kuwa na wasiwasi na mvua. Na taa iliyoachwa ndani inakutwa inawaka.

#36 Kibo5895

Miezi sita?

#37 Binti_Shangani

Ndivyo wanavyoshuhudia. Wanasema katika miezi hiyo mtakatifu Narada ndiye anayehudumu kwa niaba ya miungu. Wengine wanaeleza kwa wingi wa samli, utambi mnene na hewa iliyofungwa.

#38 Mpagazi_Mstaafu

Tarehe sasa, maana kila mtu ananiuliza faraghani. Gangotri na Yamunotri hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, Aprili au Mei. Ya Kedarnath hutangazwa siku ya Maha Shivaratri pale Ukhimath. Ya Badrinath hutangazwa siku ya Basant Panchami kwenye kasri la Narendranagar, ambako wanawake wenye waume hukamua mafuta ya ufuta ya kupaka sanamu. Kufunga: Gangotri kwa kawaida kesho yake ya Diwali, Kedarnath na Yamunotri siku ya Bhai Dooj, Badrinath mwezi Novemba. Sikukuu hizo zote hufuata kalenda ya mwezi ya Kihindu, kwa hiyo msikate tiketi ya ndege kwa tarehe za mwaka jana.

Majira: Mei na Juni watu wamejaa hadi njia inasimama. Julai hadi katikati ya Septemba ni masika ya huko, barabara zinakatika. Tarehe 31 Julai 2024 mvua ilikata njia ya Kedarnath na watu wakaokolewa kwa helikopta. Tarehe 5 Agosti 2025 tope lilizika kijiji cha Dharali kwenye barabara ya Gangotri kwa muda mfupi sana. Mwisho wa Septemba hadi Oktoba anga ni safi, foleni fupi, usiku baridi chini ya sifuri. Mimi nachagua Oktoba.

Viza ya mtandaoni Watanzania na Wakenya wanaomba wenyewe. Kadi ya homa ya manjano bebeni. Fedha taslimu toeni Rishikesh, maana malipo ya simu ya India yanawasumbua wageni na mashine za benki juu huko hukauka.

#39 Mama_Nuru

Asanteni nyote. Mama mkwe ana miaka 68, ana presha na magoti mabovu, na anataka sana mlima wenye hekalu la Shiva. Badrinath ni ya Vishnu. Kuna lolote?

#40 Dr_wa_Zamu

Mama Nuru, kwa maelezo hayo asilale juu ya mita 2,500. Presha iwe imetulia wiki kadhaa kabla ya safari, dawa zigawanywe kwenye mabegi mawili.

#41 Fundi_Mawe

Mpeleke Jageshwar, dada. Ni upande wa Kumaon, si Garhwal, kilomita 36 hivi kutoka Almora, mita 1,870. Mahekalu zaidi ya 100 ya mawe, ya kati ya karne ya 7 na ya 12, mengi yamekaa ndani ya ua mmoja katikati ya mierezi mirefu ya deodari. Gari linafika mlangoni, hatua ni chache, wazi mwaka mzima. Treni ya usiku kutoka Delhi hadi Kathgodam, kisha gari saa 4 au 5. Sakafu ya mawe huteleza mvua ikinyesha, mshike mkono.

Kwa macho yangu ni mazuri kuliko Kedarnath. Nakshi za milango ya hekalu la Mrityunjaya peke yake zinatosha asubuhi nzima.

#42 JadiYaKutch

Na pale watakwambia Jageshwar ndiyo jyotirlinga (mahali patakatifu pa Shiva) ya Nagesh, moja ya zile 12. Watu wa Dwarka watakwambia Nagesh ni Nageshwar yao, na wa Maharashtra watakwambia ni Aundha Nagnath. Mashairi ya zamani yanataja "msitu wa Daruka", na kila mmoja ana msitu wake. Wa Jageshwar wanasema Daruka ni deodari hizo hizo.

#43 Mama_Nuru

Nafasi yetu ni Desemba tu, likizo ya shule. Jageshwar sawa. Kedarnath itakuwa imefungwa, siyo?

#44 Nyumbu_wa_Gaurikund

Jengo limefungwa, mungu ameshuka. Hekalu likifungwa, sanamu ya kusafiri hubebwa kwenye machela hadi hekalu la Omkareshwar, Ukhimath, na ibada ya Kedarnath inaendelea pale wakati wote wa baridi. Ukhimath iko mita 1,300 hivi, barabara inafika. Mama anapata Kedarnath bila kupanda ngazi za Lincholi. Desemba jua la mchana ni zuri, usiku chukueni blanketi la ziada, na mwambie dereva asivuke Chopta theluji ikianguka, arudi kwa njia ya Rudraprayag.

#45 Binti_Shangani

Na wakiwa Ukhimath waongeze Triyugi Narayan, juu kidogo ya Sonprayag, chini ya mita 2,000. Ndipo Shiva alipomwoa Parvati, na moto wa ndoa ile unaelezwa kuwa unawaka hadi leo. Wageni huweka kipande cha kuni na kuchukua majivu kidogo. Maharusi wa India nao sasa wanakwenda kufungia ndoa pale, kwa hiyo waepuke siku za harusi kama wanataka utulivu.

#46 Mama_Nuru

Majivu hayo yanabebwaje kwenye ndege?

#47 Binti_Shangani

Kikaratasi kilichokunjwa, kiasi cha kijiko cha chai, ndani ya mfuko wa plastiki, begi la chini.